Vidonda vya kinywani: hesabu siku, usipime kwa maumivu

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, mtu anayeamka na malengelenge ukingoni mwa mdomo baada ya kuugua homa huambiwa na majirani kwamba malaria imemtoka. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini matokeo yake si mema. Mmoja huacha dawa katikati kwa kuamini kwamba amekwisha kupona. Mwingine hununua dawa za malaria bila kupimwa damu, kwa kuamini kwamba ugonjwa ndio kwanza umejionyesha. Ukweli ni kwamba malengelenge yale hayasababishwi na vimelea vya malaria. Husababishwa na virusi vilivyokuwa vimelala mwilini, ambavyo homa yoyote, iwe ya malaria, ya mafua au ya nimonia, inaweza kuviamsha.

Huo ni mfano mmoja tu wa jinsi vidonda vya kinywani vinavyofasiriwa visivyo. Vingi havina hatari na hupona vyenyewe. Vichache ni dalili ya ugonjwa mkubwa, na kati ya hivyo vipo visivyouma hata kidogo. Hapo ndipo watu wengi hupotea njia, kwa kuwa hutumia maumivu kama kipimo: kinachouma sana huwakimbiza dukani kutafuta dawa, kisichouma huachwa miezi. Kipimo kilicho bora ni idadi ya siku. Kidonda cha kinywani kisichopona baada ya wiki mbili kinapaswa kuonwa na mhudumu wa afya, kiwe kinauma au hakiumi.

Kanuni hiyo ina uzito wa pekee Nakivale. Makazi hayo yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, takriban kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakaazi wake wametoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni na kwenye foleni ya maji. Vipo vituo vya afya, kama vile Nakivale, Juru, Rubondo na Kibengo, na huduma katika vituo vya umma hutolewa bila malipo kwa mkimbizi na mwenyeji pia. Lakini vijiji vimetawanyika, nauli ya boda boda ni fedha, na foleni humaliza siku nzima ya kibarua. Kwa hiyo ni haki ya mtu kujua ni kidonda gani anachoweza kukisubiri nyumbani bila wasiwasi.

Kidonda kiumacho kuliko ukubwa wake

Kidonda kinachowapata watu wengi zaidi ni kile kidogo cha mviringo, chenye katikati nyeupe au ya manjano na ukingo mwekundu, kinachotokea ndani ya mdomo wa chini, ndani ya shavu, au chini ya ulimi. Wataalamu hukiita afta. Inakadiriwa kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano hupatwa nacho wakati fulani maishani. Kwa kawaida hakizidi sentimita moja, huuma vibaya kwa siku tatu au nne za mwanzo, kisha hupoa na kutoweka kati ya siku 7 na 14 bila kuacha kovu.

Chanzo chake hasa hakijafahamika kikamilifu, lakini vichochezi vyake vinajulikana: kujing'ata shavu wakati wa kula, mswaki mgumu au kijiti kilichochoma ufizi, uchovu na mawazo mengi, siku za hedhi kwa baadhi ya wanawake, na upungufu wa baadhi ya vitamini na madini. Kwa watu wengine nanasi, ndimu au nyanya mbichi hukichokoza. Kidonda hiki hakiambukizi. Hakipiti kwa kikombe, kwa busu wala kwa kijiko, na hakuna sababu ya kumtenga mtoto au mke mwenye nacho na sahani ya familia.

Tiba yake ya nyumbani ni nyepesi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji safi ya vuguvugu, kusukutua na kutema, mara tatu au nne kwa siku. Parasetamoli kwa maumivu. Chakula laini kisichochoma, kwa mfano uji uliopoa, ndizi mbivu au maziwa, na kuepuka pilipili na chai ya moto kwa siku chache. Asali ikipakwa hutuliza, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kwa njia yoyote, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru vibaya mtoto mchanga.

Yako mambo ambayo hayafai kabisa, na inasikitisha kwamba ndiyo hupendekezwa kwa haraka zaidi. Kupachika kidonge cha aspirini juu ya kidonda huunguza nyama ya kinywa na kugeuza kidonda kidogo kuwa kikubwa. Kumwaga unga wa kapsuli za antibayotiki juu yake ni kupoteza dawa, na kuzimeza hovyo huwafundisha vijidudu kustahimili dawa hizo siku zitakapohitajika kweli. Majivu, chumvi kavu ya kusugua na maji ya betri havina nafasi yoyote kinywani mwa binadamu.

Afta ikizidi sentimita moja, ikidumu zaidi ya wiki mbili, au ikirudi kila mwezi, si ya kusubiri tena. Huenda kuna upungufu wa damu, ugonjwa wa utumbo au kushuka kwa kinga nyuma yake, na hayo hugunduliwa kwa vipimo.

Malengelenge ya homa

Turudi kwenye malengelenge tuliyoanza nayo. Hutokea mahali tofauti na afta: ukingoni mwa mdomo kwa nje, au karibu na pua. Kwanza ngozi huwasha na kuchonyota, kisha hutokea malengelenge madogo yaliyosongamana, hupasuka, hufanya kigaga, na kwa kawaida hupona ndani ya siku kama 10. Virusi vinavyoyaleta huitwa hepesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanavyo virusi vya aina hii ya kwanza, yaani karibu watu wawili katika kila watatu wa umri huo. Wengi huvipata utotoni, kutoka kwa mzazi au ndugu aliyewabusu. Mtu akishavipata havitoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kuamka mwili unapochoka, unapoungua jua au unapopata homa.

Kwa hiyo anayeona malengelenge baada ya homa asiyachukue kuwa cheti cha kupona wala cha kuugua malaria. Swali la malaria hujibiwa kwa kipimo cha damu, ambacho hufanyika vituoni na pia na wahudumu wa afya wa kijiji wanaojulikana kwa wote kama VHT. Na aliyeanza dozi ya malaria aimalize.

Tofauti na afta, malengelenge haya huambukiza, hasa yanapokuwa na majimaji. Mwenye nayo anawe mikono kila anapoyagusa, asiguse macho, asibusu watoto na asishiriki kikombe wala wembe hadi vigaga vikauke. Kwa mtoto mchanga wa wiki za mwanzo virusi hivi vinaweza kuwa hatari kwa maisha, kwa hiyo wageni wenye malengelenge mdomoni wamtazame mtoto kwa mbali tu, hata kama desturi yataka wampakate. Dawa ya asikloviri ipo na husaidia ikianzwa mapema, siku moja au mbili za mwanzo. Hutolewa hasa kwa anayeugua vikali, au mwenye kinga dhaifu.

Utando mweupe na hofu ya kuonwa

Utando mweupe juu ya ulimi, kwenye mashavu na kaakaa, unaofanana na maziwa yaliyoganda, ni kazi ya fangasi iitwayo kandida. Ukiufuta kwa kitambaa safi hutoka, na chini yake huonekana wekundu, pengine na damu kidogo. Mabaki ya maziwa ya kawaida hufutika bila kuacha wekundu. Mara nyingi hauumi sana. Mgonjwa hulalamika zaidi kwamba chakula hakina ladha na kinywa kinawaka.

Kwa mtoto mchanga utando huu ni jambo la kawaida na si ishara ya ugonjwa mwingine. Hutibiwa kwa matone ya nistatini baada ya kunyonya, na dawa huendelea kwa siku mbili baada ya utando kutoweka. Mama naye aangaliwe chuchu. Zikiwa nyekundu na zenye maumivu makali, watibiwe wote wawili pamoja, la sivyo wataambukizana upya. Kunyonyesha kusisimamishwe.

Kwa mtu mzima utando huu unahitaji maelezo. Unaweza kuletwa na matumizi ya muda mrefu ya antibayotiki, dawa ya pumu ya kuvuta bila kusukutua baadaye, kisukari, au meno ya bandia yasiyosafishwa. Unaweza pia kuwa dalili kwamba virusi vya UKIMWI vimeanza kushusha kinga. Katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, kandida ya kinywani inayodumu kwa mwenye VVU huhesabiwa hatua ya tatu ya ugonjwa. Ikishuka kooni na kufanya kumeza kuwe na maumivu, ni hatua ya nne.

Hapa ndipo fedheha inapoleta madhara. Kwa kuwa jirani wengi wamesikia habari hiyo nusu, kila kidonda cha mdomo hugeuzwa kuwa tuhuma, na mwenye nacho hujifunika kwa mtandio au kusema kwa kiganja mdomoni badala ya kwenda kituoni. Tuhuma hiyo si ya haki, kwani afta na malengelenge ya homa huwapata watu wasio na VVU kila siku. Lakini pia haina maana kuogopa kipimo. Nchini Uganda kipimo cha VVU na dawa za ARV havilipiwi katika vituo vya umma, na mtu anayeanza dawa mapema huona utando ukiisha na uzito ukirudi. Mbarara, hospitali ya rufaa ina kliniki ya wenye VVU, na shirika la TASO, lililoanzishwa Uganda mwaka 1987 na watu walioguswa wenyewe na ugonjwa huo, lina kituo chake mjini humo. Asiyetaka kuonwa na majirani ana haki ya kupimwa mbali na kijiji chake, na matokeo ni siri yake.

Kinywa husoma sahani

Pembe za mdomo zinazopasuka na kuchonyota, ulimi uliokuwa na vinundu ukawa laini na mwekundu, afta zinazorudi bila kukoma: mara nyingi hayo ni malalamiko ya mwili kuhusu chakula. Upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini za kundi B na wa foliki huonekana kinywani mapema, kwa sababu ngozi laini ya humo hujijenga upya kwa kasi na huhitaji malighafi kila siku.

Historia ya wakimbizi katika ukanda wetu ina mafunzo mawili yaliyolipiwa kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1980, kambi za wakimbizi nchini Somalia na Ethiopia zilikumbwa na kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu, kwa sababu mgawo ulikuwa nafaka na mafuta bila matunda wala mboga mbichi zenye vitamini C. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, ugonjwa unaofanya ulimi uwe mwekundu na wenye vidonda na ngozi iliyopigwa na jua ichubuke. Wagonjwa walizidi 18,000. Walikuwa wakila mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa vitamini iliyokosekana zilikuwa zimepungua kwenye mgawo.

Nakivale ina ardhi na ziwa, jambo ambalo kambi nyingi hazina. Hata hivyo, tangu mwaka 2023 mgawo wa chakula na fedha kwa wakimbizi nchini Uganda umekuwa ukitolewa kwa makundi ya uhitaji, na familia nyingi zimebaki na kidogo au bila kitu. Posho na maharage hushibisha, ila si chakula kamili. Mchicha, ambao sokoni huitwa dodo, pamoja na sombe na majani ya maboga, huleta foliki na chuma. Mukene, wale dagaa wadogo, yai moja au kikombe cha maziwa yaliyochemshwa huleta vitamini B12 ambayo mimea haina, na eneo la Mbarara ni nchi ya ng'ombe na maziwa. Pera, papai au chungwa likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kufyonza chuma iliyomo. Chai ya majani ikinywewa na mlo huizuia, kwa hiyo ni vyema isubiri saa moja. Haya hayaondoi umaskini wa mgawo, na si haki kumwambia mama asiye na shilingi anunue mayai. Lakini kishamba cha mboga nyuma ya nyumba kimewasaidia wengi, na mjamzito au mtoto mwenye utapiamlo ana haki ya kupimwa na kupewa lishe maalumu kituoni.

Mtoto asiyeweza kumeza hasubiri

Kwa mtoto mdogo kanuni ya wiki mbili haitumiki. Mtoto mwenye vidonda vingi kinywani hukataa kunyonya na kunywa, na hukaukiwa maji ndani ya siku moja au mbili, muda mrefu kabla vidonda havijapona. Macho yaliyozama, mkojo uliopungua, kulia bila machozi na usingizi usio wa kawaida ni dalili za kumpeleka saa hiyo hiyo. Njiani apewe maji au maziwa ya mama kwa kijiko, kidogo kidogo.

Homa, upele, macho mekundu na vidonda kinywani kwa pamoja humaanisha huenda ni surua. Kituoni mtoto hupewa vitamini A, ambayo hupunguza vifo na upofu, na vidonda hupakwa dawa ya zambarau iliyozimuliwa, ile iitwayo GV. Ile kali ya chupani isipakwe nyumbani kwa kukisia, kwani yenyewe huunguza kinywa. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Familia iliyowasili karibuni kutoka Kongo bila kadi ya chanjo iende kituoni bila kuona haya, mtoto huchanjwa.

Baada ya surua au utapiamlo mkali kuna hatari nyingine iliyo adimu lakini mbaya kupita zote: noma. Huanza kama kidonda cha ufizi kinachotoa damu na harufu kali, kisha shavu huvimba, na kwa siku chache tu nyama ya uso huanza kuoza. Wengi wanaopatwa ni watoto wa kati ya miaka 2 na 6. Bila matibabu, hadi 90 kati ya 100 hufariki, na wanaobaki hubeba makovu yanayofunga taya. Ikianza kutibiwa ingali kwenye ufizi, antibayotiki za kawaida, usafi wa kinywa na lishe huizuia. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Si laana, na haiambukizi.

Pia kuna madhara yanayoletwa na mikono ya watu wazima. Mtoto mchanga anapoharisha na kupata homa, fizi zake hutazamwa, na vivimbe vyeupe vya meno yanayoota hudaiwa kuwa ndicho chanzo cha ugonjwa. Kenya na Tanzania huitwa meno ya plastiki au ya nailoni, Uganda ebinyo, na Rwanda ibyinyo. Mganga huyachimbua kwa spoki ya baiskeli au kisu, bila ganzi. Daktari Jens Pindborg wa Denmark aliandika kuhusu jambo hili nchini Uganda mwaka 1969, na bado linaendelea. Kinachochimbuliwa ni jino changa lenyewe. Mtoto hubaki na jeraha linaloweza kumletea pepopunda, sumu katika damu au upungufu wa damu, na baadaye meno ya kudumu huota yakiwa na kasoro au hayaoti kabisa. Wakati huo wote kuhara kwake hakujatibiwa. Kinachomponya ni maji ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki, na hivyo viwili hutolewa bure.

Vile visivyouma

Saratani ya kinywa katika hatua za mwanzo mara nyingi haiumi. Huonekana kama kidonda chenye kingo ngumu, au baka jeupe lisilofutika, au baka jekundu pembeni mwa ulimi au chini yake. Hatari huongezeka sana kwa mtu anayevuta au kutafuna tumbaku na kunywa pombe kali kama waragi, na vyote viwili vikikutana huzidishana. Mtafunaji wa mirungi anayeweka fungu shavu lile lile kila siku naye achunguze shavu hilo kwa kioo.

Mabaka ya zambarau au ya rangi ya damu kwenye kaakaa au fizi yanaweza kuwa sarkoma ya Kaposi, saratani inayohusiana na kushuka kwa kinga na inayojulikana sana nchini Uganda. Nayo haiumi mwanzoni. Hutibiwa kwa ARV, na inapobidi kwa dawa za saratani.

Kuna kidonda kimoja kinachovunja kanuni ya siku. Kaswende inaweza kuanza kama kidonda kimoja kisichouma mdomoni au kwenye ulimi, baada ya kujamiiana kwa mdomo au kubusiana na mwenye nayo. Hupona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita, lakini ugonjwa hubaki ukitembea mwilini na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mwenye kidonda cha namna hiyo aombe kipimo cha damu hata kama kimekwisha kufunga. Tiba ni sindano ya penisilini.

Dharura ya mwisho ni dawa yenyewe. Mtu aliyeanza dawa mpya katika wiki chache zilizopita, hasa Septrin, dawa nyingine za salfa, baadhi ya dawa za kifafa au nevirapini, akapata vidonda vingi kinywani pamoja na macho mekundu, upele au ngozi kubabuka, asimeze dozi inayofuata. Aende kituoni saa hiyo na pakiti ya dawa mkononi. Hali hiyo huua.

Kituoni na Mbarara

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini katika wodi za Mbarara lugha ya kawaida ni Kinyankole au Kiingereza. Mgonjwa aombe mkalimani, au aje na mtu anayemwamini. Mtoto wa shule asitumiwe kufasiri habari za VVU au kaswende za mzazi wake. Maelezo yanayomsaidia mhudumu ni machache: kidonda kilianza siku gani, kiko wapi hasa, kama kimewahi kutokea kabla, kama mgonjwa amepungua uzito au anaona shida kumeza, na dawa zote alizotumia, zikiwamo za mitishamba. Ni vyema kutosukutua kwa dawa ya rangi asubuhi hiyo, ili kinywa kionekane kilivyo.

Kituo kikishindwa kutambua kidonda, huandika rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambako wanafundishwa pia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989. Mgonjwa asiondoke Nakivale bila karatasi ya rufaa, na aulize ofisini kituoni kama upo usafiri wa wagonjwa siku hiyo kabla ya kulipa nauli mwenyewe. Hospitalini huenda akakatwa kipande kidogo cha nyama ya kidonda, kwa ganzi, kichunguzwe maabara. Kukatwa huko hakusambazi saratani, kama wengi wanavyohofu, na bila hicho daktari hawezi kujua anatibu nini. Majibu hayatoki siku hiyo. Kabla ya kurudi nyumbani aulize tarehe ya kuyafuata na jina la chumba, na aache namba ya simu inayopatikana, hata ikiwa ni ya jirani.